Baba Alianguka na Miaka 52, Mimi Nina 47

Misiba ya kwetu ina sentensi moja ambayo nimeisikia tangu nikiwa mtoto wa kutumwa viti kwa majirani: "alikuwa mzima kabisa, kaingia bafuni kuoga, tukasikia kishindo." Baba mkubwa alikwenda hivyo. Babu mdogo hivyo hivyo. Mwaka 2004 ikawa baba, Morogoro, Jumapili asubuhi, miaka 52, ndoo ya maji ya moto bado inafuka mvuke pembeni yake, na watu waliokuja kutupa pole wakawa wanaisema sentensi ileile na mimi nikaipokea kama nilivyozipokea pole zenyewe, sikuuliza kitu. Ilipita karibu miaka 15 ndo nikamuuliza shangazi, hivi kwa nini wanaume wa kwetu wote wanaanguka wakiwa hapo kwenye 50 na kidogo?

Alinijibu bila hata kuacha kuchambua mchele. "Mwanangu, si presha hiyo? Babu yako alikuwa nayo, baba yako aliambiwa anayo akiwa na miaka 41, akapewa vidonge akanywa mwezi mmoja akaacha, akasema kichwa hakimuumi tena."

Miaka 41. Yani miaka 11 mizima kabla ya ile Jumapili kulikuwa na watu wanajua, na cheti kilikuwepo kabatini, na sisi watoto watano hatukuwahi kuambiwa. Sikumlaumu shangazi na wala simlaumu baba, kwetu ugonjwa wa mtu mzima ulikuwa hausemwi mbele ya watoto, na watoto wakikua nao wanaona aibu kuuliza. Lakini tangu siku ile nimekuwa na wazo moja ambalo nataka kuligawa hapa kwa watu wa rika langu, wale wa kuanzia 40 mpaka 60, na wazo lenyewe ni hili: historia ya magonjwa ya ukoo wako ni kipimo cha bure kuliko vyote, kinakwambia nini kinakuja na kinakuja lini, na sisi tunakizika pamoja na marehemu.

Maana nikiwaangalia wenzangu naona wengi wamegawanyika pande mbili. Kuna anayesema "presha kwetu ni ya ukoo, imeandikwa, hata ukikimbia inakufuata", huyo hapimi kwa sababu kashakata tamaa. Na kuna anayesema "mimi nipo fiti, sijawahi kulazwa hata siku moja", huyo naye hapimi kwa sababu hasikii maumivu. Wanafika sehemu moja kwa njia mbili tofauti, na presha ya juu kwa kawaida haina maumivu, hapo ndipo ilipo hatari yake, inaweza kukaa miaka 10 inachosha moyo na mishipa ya kichwani na figo na mwenyewe unalala vizuri tu.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu neno "kurithi", coz tunalitumia kwa vitu viwili tofauti kabisa. Selimundu unarithi, na pale ukipokea kasoro ile kwa baba na kwa mama pia, ugonjwa unao, hakuna mazoezi wala mboga itakayoufuta, na wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kasoro hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Hapo damu ndo imeamua. Presha na kisukari cha ukubwani, kile cha aina ya pili, haviendi hivyo. Hivyo vinatokana na mamia ya vinasaba vidogo vidogo, kila kimoja kinasukuma kidogo sana, na vyote kwa pamoja vinakupa mwelekeo tu. Mzazi mmoja akiwa na kisukari cha aina ya pili nafasi yako ya kukipata maishani inakadiriwa kuwa kama asilimia 40, wakiwa nacho wote wawili inafika kama 70. Hizo ni namba kubwa, sitaki kuzipunguza. Lakini ndani ya hizo 40 na 70 kuna vitu viwili vimechanganywa, damu waliyokupa wazazi na jiko walilokulelea, na watu wakisema "ya ukoo" wanafikiria damu peke yake.

Ushahidi kwamba damu peke yake haitoshi sio wa mbali, upo hapa hapa kwetu. Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilitoa utafiti uliofanyika Kenya, waliwafuatilia Waluo waliokuwa wanahama kutoka vijijini upande wa Ziwa Victoria kwenda Nairobi kutafuta maisha, wakawalinganisha na wenzao wa rika lao waliobaki kijijini. Watu wa kabila moja na vijiji vilevile. Waliohamia mjini presha zao zikawa juu kuliko za waliobaki, na haikusubiri uzee, tofauti ilianza kuonekana mapema tu baada ya kuhama. Walipopima mkojo wakakuta chumvi imeongezeka na potasiamu imepungua, na potasiamu ndo hiyo inayotoka kwenye mboga za majani, maharage, ndizi, viazi vitamu, yani vile vyakula mtu aliviacha kijijini. Nikifikiria hilo huwa nanyamaza kidogo. Kijana kapanda basi na damu ya ukoo wake, kashuka nayo ileile, mwezi ukapita, mishipa yake ikaanza kuishi maisha mengine.

Na kuna utafiti mwingine unaonigusa zaidi kwa sababu ni wa njia niliyopita mimi, Morogoro kwenda Dar. Ulitoka mwaka 2010, watu zaidi ya 200 walipimwa kabla hawajahama vijiji vya Morogoro halafu wakafuatiliwa Dar kwa mwaka mmoja. Wanaume waliokuwa wanafanya kazi za nguvu walikuwa karibu 8 kati ya kila 10, baada ya mwaka mmoja mjini wakabaki kama robo. Uzito ukapanda. Haki isemwe, sio kila kitu kiliharibika, matunda na mboga mboga baadhi yao walizila zaidi walipofika mjini, kwa hiyo sio kwamba kijiji ni dawa na mji ni sumu, ila jembe na miguu ndo viliondoka, na hakuna kitu kilichokuja kuziba pengo. Babu yangu alilima mpaka anakaribia 60. Mimi natoka Tabata kwenda Posta nimekaa, nafika ofisini nakaa, narudi jioni nimekaa kwenye foleni masaa mawili, afu nakaa tena kuangalia taarifa ya habari. Vinasaba vyangu na vya babu havijabadilika kwa miaka 60, hakuna damu inayobadilika haraka hivyo, kilichobadilika ni siku yangu inavyokwenda.

Kwa hiyo jiko. Kwetu chai ilikuwa haiitwi chai mpaka iwe na vijiko vitatu vya sukari, na mtoto aliyekuwa analalamika chai chungu alikuwa anaongezewa. Kidau cha chumvi kilikaa katikati ya meza na baba alikuwa ananyunyiza kabla hata hajaonja. Mafuta yakielea juu ya mchuzi ndo mgeni kaheshimiwa. Mi nilidhani ladha ile ni yangu, kumbe nimelelewa nayo, nimeirithi kama nilivyorithi pua ya baba, tofauti ni kwamba pua siwezi kuibadilisha. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, hicho ni kijiko kimoja tu cha chai, na humo wamehesabu chumvi yote, ya kwenye mkate, ya kwenye viungo vya pakiti, ya kwenye chipsi, mpaka ya dagaa wa kukausha kwa chumvi. Nilipoanza kupunguza wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama karatasi, nilikuwa nanuna mezani, wiki ya tatu ulimi ukaanza kuzoea, limao na pilipili na kitunguu swaumu vikafanya kazi, na sasa nikila mgahawani nasikia chumvi imezidi. Wanangu wanakula mchuzi huohuo. Hilo ndo jambo linalonipa moyo kuliko yote, kwamba wao ladha watakayoirithi ni hii.

Na tukitoka kwenye chumvi, kuna jambo la uzito, ambalo kwetu ni gumu kulizungumza. Ukinenepa unaambiwa umenawiri, mkeo anasifiwa anakutunza, ukipungua kilo tano watu wanaanza kukuita pembeni kukuuliza kama kuna tatizo. Kwa mwenye sukari kwenye ukoo kitambi ni hesabu nyingine kabisa, mafuta ya tumboni ndiyo yanayoizuia insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kufanya kazi yake. Marekani waliwachukua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafikia kuitwa kisukari, wakawagawa makundi, matokeo yakatoka 2002. Kundi moja walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kutembea kwa haraka kunatosha. Kundi jingine wakapewa metformin, dawa ya kisukari. Kundi jingine vidonge visivyo na dawa. Baada ya karibu miaka mitatu wale wa mlo na kutembea waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na wale wa vidonge visivyo na dawa, wa metformin kwa 31. Asilimia 7, kwa mtu wa kilo 90, ni kama kilo 6. Hakuna aliyeambiwa arudi kwenye umbo la miaka 20.

Kisha wakafanya kitu ambacho natamani kila mtu anayesema "ni ya ukoo" akisikie. Waliangalia vinasaba vya watu haohao, wakatafuta aina fulani ya jeni inaitwa TCF7L2, aina inayojulikana kuongeza hatari ya kisukari. Kwenye kundi ambalo halikubadilisha kitu, waliorithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili waliugua kwa kasi kubwa kuliko wenzao ambao hawana. Kwenye kundi la mlo na mazoezi pengo lile lilibaki dogo kiasi kwamba kitakwimu halikuhesabika. Jeni ilikuwepo, haikwenda kokote, ila ilikosa mazingira ya kufanyia kazi.

Nisimdanganye mtu hapo. Wapo watakaofanya yote na bado wataugua, nina rafiki yangu alikuwa anacheza mpira kila Jumamosi, havuti sigara, hanywi pombe, presha ikamkuta na miaka 43, na watu walivyomcheka, "si ulikuwa unajifanya unakula majani", iliniuma sana. Ugonjwa sio hukumu ya tabia. Halafu tusijifanye maisha ya watu yako sawa, mama anayetoka nyumbani saa 10 alfajiri kwenda sokoni na kurudi saa 3 usiku ukimwambia aende akatembee dakika 30 unamtukana tu, yeye anachohitaji ni kupimwa presha pale pale sokoni na dawa anayoweza kuimudu. Na yapo ya kurithi yasiyosikia mazoezi, mbali na selimundu kuna baadhi ya saratani za matiti zinazotembea kwenye koo, na mwanaume ambaye baba au kaka yake alipata saratani ya tezi dume hatari yake ni kama mara mbili, huyo kazi yake ni kuanza mazungumzo na daktari mapema kuliko wengine. Kwa saratani ya utumbo mpana ushauri unaotolewa ni kuanza kupima ukiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yako wa karibu aliugua, chochote kinachotangulia. Unaona? Hesabu yote inaanzia kwenye swali moja, ndugu yako aligundulika na miaka mingapi. Kama ukoo haujui, hesabu haipo.

Mimi hesabu yangu niliichelewa, halafu nikaikosea tena kidogo. Nikiwa na 42 nilipimwa kwenye zahanati moja nilikopeleka mtoto mwenye homa, 146 kwa 92, mhudumu akaniambia "hiyo ni uchovu tu baba, kapumzike", hakuniuliza ya kwetu, hakuniambia nirudi, na mimi nikafurahi kuambiwa nilichotaka kusikia. Miaka miwili nimekaa hivyo. Kipimo kimoja kweli hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, lakini ndo sababu ya kupima tena, sio sababu ya kusahau. Na kupima kwenyewe kuna utaratibu ambao mara nyingi unarukwa: ukae dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo, usiongee, usiwe umebana mkojo, nusu saa kabla usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara, na mkanda uwe saizi ya mkono wako, ukiwa mdogo unakupa namba ya juu ya uongo. Upime mara mbili. Sisi tunateremka kwenye bodaboda na jasho, tunakunja shati, tunapimwa huku tunasimulia.

Nilipopima vizuri nyumbani wiki nzima, asubuhi na jioni, ikakaa kwenye 148 na 150 kwa 95. Kwa nyumbani ukizidi 135 kwa 85 tayari ni suala. Nikaenda na daftari langu hospitali, daktari akalisoma lote, akaniuliza "kwenu kuna nani?", nikamhesabia, nikaanzishwa dawa siku ileile.

Na hapa kwenye dawa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo baba alipopotelea. "Ukianza hizo dawa huachi", kila mtu anakwambia, kama vile dawa ndo inaleta ulevi. Dawa huachi kwa sababu presha haiondoki, sawa na miwani, ukivua macho yanarudi yalivyokuwa. Namba ikishuka maana yake dawa inafanya kazi, na hapo hapo ndo watu wanaacha, wanajiona wamepona. Kidonge kikikukera kuna kingine, hizi za kundi la enalapril na captopril zinawapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, amlodipine inaweza kuvimbisha miguu, ukimwambia daktari anakubadilishia, lakini wengi wetu tunanyamaza tunaacha kimya kimya afu tunahamia kwenye maji ya bamia na unga wa mlonge. Bamia ni mboga nzuri, kula. Mlonge kula. Ila sijawahi kuona sababu ya mboga kuwa mbadala wa kidonge kwa mtu ambaye baba yake alianguka na 52. Mimi nakunywa kimoja kila usiku nikimaliza kupiga mswaki, na nimepungua kilo 7, na natembea, vyote kwa pamoja, na siku hizi nakaa kwenye 126 na 128 kwa 80. Kwa mwaka mara moja napima pia sukari kabla sijala asubuhi na protini kwenye mkojo, kipimo kidogo tu lakini figo zikianza kuumia protini huwa ndo ya kwanza kusema. Nimemwona binamu yangu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila kikao, sihitaji kukumbushwa.

Dada zetu nao wana taarifa yao ambayo hakuna anayewaambia waitunze. Aliyepata sukari wakati wa ujauzito, ikaondoka baada ya kujifungua, amebaki na hatari kubwa mara nyingi zaidi ya kupata kisukari huko mbele, na aliyepata kifafa cha mimba hatari yake ya kiharusi na moyo ukubwani inakaribia mara mbili. Mtoto anakua, anamaliza shule, mama anafika 48 na hedhi inakoma, na ile kadi ya kliniki ilishatupwa zamani.

Tanzania ilipofanya uchunguzi wa kitaifa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64, kama robo yao walikuwa na presha na kama asilimia 9 kisukari. Robo. Chukua meza yoyote ya watu wanane kwenye harusi, ni wawili, na tukianza kuulizana pale pale nani anajua yake sidhani kama mazungumzo yatakwenda mbali.

Kwa hiyo Desemba iliyopita tulipokutana Morogoro kwenye kumbukumbu ya baba nilienda na daftari kubwa la mistari na mashine ya presha. Niliogopa watakasirika. Shangazi ndo aliyelifungua, akasema andika, akaanza kwa babu: alilala hajaamka, 61. Bibi: sukari, alikatwa mguu. Baba mkubwa: bafuni, 55. Kila mtu akawa anakumbuka kitu, "kumbe na huyu?", mama akatoa hata kile cheti cha baba, karatasi imekuwa njano, 170 kwa 110, na muhuri wa tarehe. Ikawa imezunguka mikono yote hakuna anayesema kitu. Wadogo zangu wakapima mmoja mmoja, watoto wao wakubwa wakaandika namba. Dada yangu, yule anayetupikia wote, alikataa mpaka jioni, alisema ana kazi jikoni, mwishowe akaja amekausha mikono kwa kanga akakaa, tukasubiri zile dakika tano bila kuongea. 158 kwa 96. Tukarudia, 156 kwa 98. Ana miaka 44, na kwenye mimba yake ya mwisho miguu ilikuwa inavimba na kichwa kinamuuma, hilo nalo tulikuwa hatujui.

Jumatatu asubuhi niliahirisha kurudi Dar, tukaenda naye kliniki, yeye kashika daftari.